Kutoka Scar hadi Kovu: Ulinganisho wa The Lion King (1994) na Mwendelezo Wake wa 1998 katika Muktadha wa Usukuma na Ukanda wa Dhahabu wa Kahama na Geita

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha filamu ya katuni yenye nyimbo, The Lion King (1994), na mwendelezo wake, The Lion King II: Simba's Pride (1998). Ulinganisho umejikita katika mambo matatu: majina ya wahusika, urithi wa utawala na dhana ya mpaka. Hoja kuu ni kwamba hukumu iliyozoeleka, inayouona mwendelezo kuwa kivuli hafifu cha filamu tangulizi, imejengwa juu ya vigezo vya jumba la sinema na vya msikilizaji wa Kiingereza. Msikilizaji wa Kiswahili, na hasa yule wa bara anayeijua historia ya utemi na ya migodi, ana sababu za kuzipima filamu hizi kwa mizani nyingine. Kwa mizani hiyo, filamu ya kwanza inabaki kuwa bora katika suala la utawala na mvua, ilhali ya pili inauliza swali zito zaidi: nani anabaki nje ya mpaka, na kwa kosa la nani?

1.0 Utangulizi

Filamu ya The Lion King ilitolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 1994 chini ya uongozi wa Roger Allers na Rob Minkoff. Muziki wa filamu hiyo ulitungwa na Hans Zimmer. Nyimbo zilitungwa na Elton John na Tim Rice, na sauti za kwaya zilisimamiwa na Lebo M wa Afrika Kusini. Mwaka 1995 ilipata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki. Mwendelezo wake, ulioongozwa na Darrell Rooney, ulitoka mwezi Oktoba 1998 moja kwa moja katika kanda za video, bila kupitia majumba ya sinema. Ya kwanza ina urefu wa dakika 88, na ya pili dakika 81.

Uhusiano wa filamu hizi na tamthiliya za Shakespeare umeelezwa mara nyingi. Ya kwanza inafuata mkondo wa Hamlet: mfalme anauawa na ndugu yake, na mwana anatakiwa kurejea kudai haki. Ya pili inafuata mkondo wa Romeo and Juliet: vijana wawili wa koo zenye uhasama wanapendana. Kwa mtazamo wa Nadharia ya Mwingilianomatini iliyoasisiwa na Julia Kristeva, hakuna matini inayosimama peke yake. Kila matini huitikia matini nyingine. Hata hivyo, wanaozihakiki filamu hizi kwa nadharia hiyo hutazama zaidi upande wa Shakespeare na kuuacha upande wa pili, yaani Kiswahili na masimulizi ya Afrika Mashariki. Ni huko ambako filamu hizi zimechota majina yao, na wachoraji wa filamu ya kwanza walisafiri hadi Kenya mwaka 1991 kutazama mandhari, ikiwamo Hifadhi ya Hell's Gate.

Makala haya yanaanzia upande huo uliosahauliwa. Eneo la rejea ni Buzwagi, wilayani Kahama, pamoja na ukanda mzima wa dhahabu unaoanzia Kahama hadi Geita. Ni eneo la Wasukuma na Wanyamwezi, lenye kumbukumbu ya utemi kwa upande mmoja na ya migodi mikubwa kwa upande mwingine. Kumbukumbu hizo mbili zinatoa vigezo vya kihistoria vya kuzilinganisha filamu hizi.

2.0 Jumba la Sinema na Kanda ya Video

Huko Marekani, tofauti ya kwanza kati ya filamu hizi ilikuwa ya hadhi. Filamu ya sinema ilipewa bajeti kubwa, wasanii wakuu na miaka ya kazi. Filamu ya kanda ilitengenezwa kwa gharama ndogo, na sehemu kubwa ya uchoraji wake ikafanywa katika studio ya kampuni hiyo nchini Australia. Tofauti inaonekana kwenye picha: mandhari ya mwendelezo hayana kina kilekile, na makundi ya wanyama yamepunguzwa. Hakuna tukio la mwendelezo linalofikia lile la nyumbu wakikimbia bondeni katika filamu ya kwanza.

Hata hivyo, ngazi hii ya hadhi haikusafiri pamoja na filamu zenyewe. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, mwaka uleule ilipotoka filamu ya kwanza. Katika makazi ya bara yasiyokuwa na jumba la sinema, filamu ya kigeni ilifika kwa njia moja tu: kanda, na baadaye diski, ikioneshwa katika kibanda cha video au sebuleni kwa mtu mwenye deki. Kwa mtazamaji wa namna hiyo, filamu zote mbili ni kanda, zinapita katika kioo kilekile kidogo, na kina cha mandhari ambacho mhakiki wa Marekani anakisifu hupungua kwa zote mbili.

Kinachobaki katika mazingira hayo ni hadithi na sauti. Afrika Mashariki imejenga utamaduni wake wa kuisimulia upya filamu ya kigeni kwa lugha inayoeleweka. Uganda ina wasimulizi wake wa video, na nchini Tanzania Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alipata umaarufu kwa kuzitia filamu maelezo ya Kiswahili yaliyochanganya tafsiri, ufafanuzi na utani. Mtaalamu Matthias Krings ameuchunguza usimulizi huo na kuonesha kwamba msimulizi hafasiri tu. Anaipika filamu upya. Katika utamaduni kama huo, jina la mhusika lina uzito mkubwa, kwa kuwa ni sehemu ya filamu ambayo hadhira huisikia kwa lugha yake hata kabla ya msimulizi kufungua kinywa.

3.0 Majina na Maana Zake

Majina ya filamu ya kwanza ni mchanganyiko. Simba na Rafiki ni maneno ya kawaida ya Kiswahili, na Simba anatambulika hata kwa Msukuma asiyejua Kiswahili sana, kwa kuwa Kisukuma humwita mnyama huyo shimba. Pumbaa ni kitenzi chenye maana ya kuduwaa au kuzubaa. Sarabi ni mazigazi. Shenzi linajulikana kwa kila mtu. Lakini Mufasa na Zazu si maneno ya Kiswahili, Banzai ni neno la Kijapani, na adui mkuu anaitwa Scar, neno la Kiingereza lenye maana ya kovu. Kwa jumla, majina haya yamechaguliwa kwa mlio wake kuliko kwa mpango wa maana.

Mwendelezo una utaratibu mwingine. Kundi la simba waliofukuzwa lina wahusika wanne wakuu, na majina yao yote yana maana ya wazi: Zira, Nuka, Vitani na Kovu. Majina haya hayaeleweki kwa msikilizaji wa Kiingereza, naye huzijua tabia za wahusika kwa kadiri hadithi inavyoendelea. Msikilizaji wa Kiswahili hupewa muhtasari mapema. Nuka ni yule ambaye hata mama yake hamthamini. Vitani amelelewa kwa ajili ya vita. Zira ni kukataa kwa hasira, kususa, kuchukia. Mwisho wa filamu, mama huyo akiwa ananing'inia juu ya mto uliofurika, Kiara anamnyooshea mkono wa kumwokoa. Zira anaukataa na kuanguka. Kwa Kiingereza tukio hilo ni kifo cha adui. Kwa Kiswahili ni jina linalotimia. Amezira hadi mwisho.

Mfano ulio na uzito zaidi ni Kovu. Mrithi aliyeandaliwa na Zira kushika nafasi ya Scar amepewa jina lilelile, ila kwa Kiswahili. Tafsiri ya jina ndiyo urithi wenyewe: chuki ya Scar imehamishiwa kwa mtoto ambaye hakushiriki katika kosa lolote. Baadaye Zira anamparura Kovu usoni na kumwachia alama inayofanana na ya Scar, na Simba anapoiona alama hiyo anamhukumu kwayo. Kwa hiyo mwendelezo umeligeuza jina lililokuwa la kutambulisha adui kuwa hoja juu ya jeraha: kovu ni alama ya kidonda kilichokwisha, si kidonda kipya. Msikilizaji wa Kiswahili anaipata hoja hiyo bila kuelezwa.

Ni lazima pia kusema pale ambapo mwendelezo umeshindwa. Wimbo ambao Rafiki anawaimbia vijana wawili unaitwa "Upendi", na filamu inadai kuwa neno hilo ni mahali pa mapenzi. Kiswahili kina upendo, mapenzi na upenzi; hakina upendi. Kimofolojia neno hilo lingewezekana, kwa kuwa kitenzi shinda hutupa mshindi na ushindi. Lakini penda imekwenda njia nyingine, na sauti yake imebadilika ikatupa mpenzi. Zaidi ya hayo, sikio la Mswahili husikia upendi kama hupendi, yaani kinyume cha kile ambacho wimbo unakusudia. Filamu ya kwanza haikufanya kosa la namna hiyo. Kauli yake maarufu, hakuna matata, ni Kiswahili sahihi cha pwani, nayo ilikuwa imekwisha kuenea kupitia wimbo wa "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms wa Kenya mwaka 1982. Tatizo la kauli hiyo lilikuja baadaye na lilikuwa la umiliki: kampuni iliisajili nchini Marekani kama alama ya biashara mwaka 2003, na mwaka 2018 kukawa na malalamiko ya kutaka usajili huo ufutwe. Filamu ya kwanza iliazima neno la watu ikalizungushia uzio. Ya pili ilibuni neno ambalo watu hawanalo.

4.0 Urithi wa Utawala na Mvua

Katika filamu ya kwanza, nchi inakauka baada ya Scar kushika utawala, na mvua inanyesha Simba anaporejea. Wahakiki wengi wamelichukulia hili kama ishara ya kisanaa tu. Katika historia ya Usukuma na Unyamwezi, ni kanuni ya utawala. Mtemi alihusishwa moja kwa moja na mvua na rutuba ya nchi. Ukame wa muda mrefu ulikuwa ushahidi dhidi yake, na mtemi aliyeshindwa kuleta mvua angeweza kuondolewa. Kwa hadhira yenye kumbukumbu hiyo, ukame wa Scar hauhitaji maelezo: nchi imemkataa. Filamu ya kwanza iliigusa kanuni hii pengine bila kuijua, na hiyo ni moja ya sababu za uzito wake.

Lakini kanuni ya urithi ni tofauti. Filamu inachukulia kuwa utawala hutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Katika utemi wa Kisukuma wa kale, mrithi alikuwa kwa kawaida mtoto wa dada wa mtemi, akichaguliwa na wazee wa ikulu walioitwa banang'oma. Urithi wa mwana ulipata nguvu zaidi wakati wa ukoloni. Kwa kanuni ya zamani, Simba asingekuwa mrithi wa moja kwa moja, na Scar pia asingekuwa mwizi wa haki ya mwana. Utemi wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini kumbukumbu ya mrithi kuchaguliwa, na si kuzaliwa tu, haikufutika pamoja nao.

Istilahi za ukoo zinaongeza tofauti nyingine. Kiingereza humwita Scar kwa neno moja linalomjumuisha ndugu wa baba na ndugu wa mama. Kiswahili hakiruhusu mkanganyiko huo. Ndugu wa kiume wa Mufasa hawezi kuwa mjomba wa Simba. Ni baba yake mdogo, yaani baba. Anayemdanganya mtoto kuwa amemuua mzazi wake na kumfukuza ni mtu ambaye mila inamtaka amlee mtoto huyo baada ya msiba. Uovu wa Scar katika Kiswahili ni mkubwa kuliko ulivyo katika Kiingereza.

Katika mwendelezo, istilahi hizo zinaleta utata ambao waandishi wake hawakuuona wote. Kovu anaeleza kuwa yeye si mwana wa damu wa Scar, na kwa hadhira ya Kiingereza maelezo hayo yanaondoa hofu ya ndoa ya jamaa. Kwa hadhira ya bara yanaondoa kikwazo kikubwa zaidi. Angekuwa mwana wa Scar, Kovu angehesabiwa kuwa ndugu wa Simba, na hivyo baba mdogo wa Kiara. Pwani, ambako sheria ya Kiislamu inaruhusu ndoa za watoto wa ndugu, kikwazo hicho kingekuwa chepesi. Usukumani kingeifuta hadithi nzima. Sentensi fupi ya Kovu inabeba mzigo ambao mtunzi wake hakuukusudia.

Kuhusu mrithi, mwendelezo umepiga hatua kwa kumfanya binti, Kiara, kuwa mwenye haki ya utawala. Hatua hiyo, hata hivyo, haikufika mbali. Kiara anaokolewa zaidi ya mara moja, na sehemu kubwa ya filamu inahusu nani atamlinda. Anapata nguvu yake katika tukio moja tu, lakini ni tukio muhimu kuliko yote: anasimama katikati ya majeshi mawili na kumwonesha baba yake kwamba wale anaowapiga hawatofautiani na wake.

5.0 Mpaka na Waliofukuzwa

Hapa ndipo filamu hizi zinapoachana kabisa. Katika filamu ya kwanza, mfalme anamweleza mwanawe kuwa nchi yao inaishia pale mwanga unapoishia. Ng'ambo ya hapo kuna makaburi ya tembo na fisi. Mmoja wa fisi hao anaitwa Shenzi. Neno hili lina historia ndefu ndani ya lugha. Katika karne ya 19, watu wa pwani walilitumia kuwaita watu wa bara, wakiwamo wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliobeba mizigo ya misafara hadi Bagamoyo, na kuwatofautisha na waungwana. Msikilizaji wa Kahama anaposikia jina hilo likipewa kiumbe anayeishi nje ya mpaka, mwenye njaa na asiyeruhusiwa kuingia, anakuwa na haki ya kuuliza kamera imesimama upande gani. Filamu inajibu bila kusita: fisi wakiingia, nchi inaharibika. Nchini Marekani pia wapo waliohoji namna fisi hao walivyosawiriwa, wakitazama sauti na lafudhi walizopewa.

Mwendelezo unaanza na swali ambalo filamu ya kwanza haikulisikia. Waliofukuzwa safari hii ni simba, walioadhibiwa kwa kuwa waliunga mkono utawala ulioanguka. Wanaishi katika ardhi kavu yenye mchwa, karibu na nchi yenye mawindo ambayo hawaruhusiwi kuwinda. Watoto wao waliozaliwa au kukulia huko wanabeba adhabu ileile. Methali inasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na Simba anaiamini: anamfukuza Kovu bila kumsikiliza, huku wanyama wengine wakiimba kumkataa. Filamu nzima imejengwa ili kuikanusha methali hiyo.

Katika ukanda wa dhahabu, mpaka si fumbo la fasihi. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha uchimbaji mkubwa. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Buzwagi ulianza mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, na eneo lake likapangiwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Katika kila hatua, uzio uliamua nani ni mchimbaji na nani ni mvamizi, ingawa mara nyingi watu hao walikuwa na ujuzi uleule, na pengine walitoka kijiji kimoja. Makala haya hayadai kwamba watunzi wa filamu walikuwa na migodi akilini. Yanachodai ni kwamba hali ya kuishi kando ya utajiri ambao zamani uliufikia kwa mikono yako, kisha ukakatazwa kuugusa, ni hali inayojulikana mahali hapa, na kwamba filamu iliyodharauliwa ndiyo inayoizungumzia.

Pamoja na hayo, upatanisho wa mwendelezo una mipaka yake. Waliokubaliwa kurudi ni simba, ndugu wa wale waliowafukuza. Fisi hawamo tena katika hadithi. Shenzi ametoweka bila maelezo, na hakuna anayeuliza alikwenda wapi. Filamu imethubutu kuwasamehe jamaa, lakini haikuthubutu kumrudia yule aliyeitwa mshenzi.

Masimulizi ya Kisukuma yanatoa kipimo cha ziada. Katika ngano ya Masala Kulangwa, zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote isipokuwa mwanamke mmoja mjamzito. Mwanawe alipokua aliliua zimwi hilo, akalipasua tumbo na watu wakatoka. Hadi hapo ngano inafanana na filamu ya kwanza: mtoto aliyenusurika anarudi kuikomboa nchi. Lakini katika masimulizi yanayofahamika ngano haiishii hapo. Wakati wa kulipasua, kijana alimkata bibi mmoja sikio bila kukusudia, bibi akakasirika, na mkombozi akalazimika kumtafutia dawa kabla ya kukubaliwa kuwa kiongozi. Ngano imebeba ndani yake kile ambacho Hollywood ilihitaji filamu mbili kukisema: ukombozi nao hujeruhi, na kiongozi hupimwa kwa namna anavyomtibu aliyejeruhiwa na ushindi wake.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu umebaini mambo matatu. Kwanza, ubora wa kiufundi wa filamu ya 1994 hauna ubishi, na uhusiano wake wa utawala na mvua unaifanya ieleweke kwa kina Usukumani. Pili, matumizi ya Kiswahili katika mwendelezo yana mpango zaidi katika majina na uzembe zaidi katika neno upendi. Sifa hizo mbili zinapaswa kutajwa pamoja. Tatu, filamu ya kwanza inaulinda mpaka, na ya pili inauhoji, ingawa kwa ajili ya jamaa tu.

Kwa watafiti wa fasihi na historia ya utamaduni, matokeo haya yanadokeza kwamba filamu za kigeni zilizoazima Kiswahili zisihakikiwe kwa kufuata ngazi za hadhi za soko lilikotoka filamu hizo. Zisikilizwe pia kwa sikio la lugha zilizoiazima. Sikio hilo linasikia kwamba Scar na Kovu ni jina moja, kwamba baba mdogo ni baba, na kwamba Shenzi bado yuko nje.